Mlango wa Upande wa Bénédicte

Kabla hajaniambia jina lake, yule mzee aliniambia nisivunje kitu.

"Hata klipu moja," alisema. "Hata uzi mmoja wa hicho kitambaa. Kama huwezi, niambie sasa hivi niende kwingine."

Ilikuwa Jumanne asubuhi, kwenye gereji ya Faizo pale Kakoba, mjini Mbarara. Huu ni mwaka wangu wa nne hapo. Wenzangu wote ni wanaume, na wateja wengi wakiniona na bisibisi mkononi huniuliza fundi yuko wapi. Huyu hakuuliza. Alinisikia nikiongea Kirundi kwenye simu, akaja moja kwa moja kwangu, akasimama kando ya pikapu yake kama mtu anayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa.

Gari lenyewe lilikuwa la zamani, la miaka ile ambayo vioo vilipandishwa kwa kuzungusha mkono. Lilikuwa la kubebea maharage. Punje zilikuwa zimenasa kwenye kila ufa wa bodi. Kwa ndani, mlango wa abiria ulikuwa na paneli ya kadibodi ngumu, ile ambayo ikishaonja maji mara mbili tatu hubomoka kama mkate mkavu. Pale pa kuegemeza kiwiko palikuwa pamechakaa, na mtu alikuwa ameshonea juu yake kipande cha kitenge cha njano. Kilikuwa kimeshonwa kwa mkono, mishono midogo, yote sawasawa.

"Naitwa Venuste. Nakaa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Base Camp," alisema. "Mlango huu haufunguki kwa ndani. Kuna chuma chembamba kinachotoka kwenye kishikio kwenda kwenye kitasa. Kimeachana na kitasa. Nataka ukirudishe."

"Umejuaje kwamba ni hicho, baba?"

"Najua."

Nikanyoosha mkono nijaribu kishikio. Ndivyo kazi inavyoanza. Unajaribu kwanza, kisha unafungua. Mzee akapiga kelele: "Usikishike!"

Faizo alichomoa kichwa chini ya lori alilokuwa akilitengeneza. Mzee Venuste akainamisha macho.

"Samahani, binti yangu. Usikivute. Nimekwambia hakifungui. Wewe toa paneli tu."

Sikubishana. Nilimwomba asogeze gari juani, kwa sababu klipu za plastiki za miaka thelathini zikiwa na baridi hukatika, na zikipata joto hulegea kidogo. Tukalisubiri lipate joto. Yeye akakaa juu ya tairi kuukuu, akaupa mlango mgongo.

Nilianza na skrubu. Mbili zilikuwa chini ya kile kitenge, nikazitafuta kwa ncha ya kidole kutokea chini, nikazifungua bila kugusa mshono. Ya tatu hujificha ndani ya kikombe cha kishikio; anayeisahau huvuta paneli kwa nguvu na kuipasua katikati. Kisha mkono wa kioo. Huo hauna skrubu, umeshikwa kwa nyuma na kibanio cha chuma chenye umbo la kwato. Unapitisha kitambaa nyuma yake, unakivuta huku na huku kama mtu anayesugua kiatu, mpaka kibanio kinaswe na kuruka. Nilikiwekea kiganja, kikaruka na kutua humo.

Wakati huo wote mzee alikuwa akiongea, bado amenipa mgongo. Sikumwuliza. Nadhani alikuja Kakoba, akawaacha mafundi wa Nakivale, kwa sababu hapa hakuna aliyemjua.

"Hicho kitambaa alikishona mke wangu," alisema. "Bénédicte. Amefariki, sasa ni mwaka na miezi miwili."

"Pole sana, baba."

"Alikuwa anaogopa mabuti. Bujumbura, mwaka wa 2015, watu wenye mabuti walimchukua mdogo wake yeye akiwa amesimama mlangoni. Hatukumwona tena. Tulipofika Nakivale nikafikiri itaisha. Siku moja tunapeleka maharage Biharwe, pale kabla ya kambi ya jeshi ya Makenke tukakutana na askari kwenye mchakamchaka. Wanaimba, mabuti yanapiga lami kwa pamoja. Bénédicte akafungua mlango, akaruka. Gari linakwenda."

Nilisimamisha mikono.

"Alivunjika mkono. Askari hao hao ndio waliomwokota. Mmoja anaitwa Apollo, alikuja hospitali mara mbili kumwangalia, ameleta machungwa. Kila akiingia, mke wangu anajifunika shuka mpaka usoni. Kijana anaweka machungwa mezani, anaondoka. Hakukasirika."

Mimi nikachukua mwiko wangu. Ni mwiko wa mbao, wa kupikia ugali, nimeuchonga ukawa mwembamba kama ulimi. Bisibisi huacha kovu kwenye rangi na hutoboa kadibodi, lakini mwiko huingia kwa adabu. Unauingiza karibu kabisa na klipu, maana ukivuta katikati ya klipu mbili, klipu itabaki kwenye chuma na kuondoka na kipande cha paneli.

"Alipopona," mzee akaendelea, "alianza tena kufungua. Tukiona kizuizi cha polisi, mkono wake unakwenda mlangoni. Mara tatu nilimshika nguo. Nikaona atafia barabarani aniachie watoto. Basi Jumapili moja yeye yuko misa, nikatoa hiyo paneli mwenyewe. Nikachomoa chuma kwenye kitasa, nikakifunga pembeni kwa waya. Nikamwambia mlango umeharibika. Tangu hapo mimi ndiye ninayezunguka kumfungulia kwa nje."

"Hakuuliza?"

"Alisema asante kwa kunifungulia. Kila mara, asante."

Klipu ya kwanza ikatoka, tap. Ya pili.

"Mwezi wa nne mwaka jana tulikuja hapa sokoni. Mvua kubwa, vioo tumepandisha. Nikamwambia, usitoke, nisubiri, narudi sasa hivi. Sikurudi sasa hivi. Nilikutana na mtu wa kwetu tuliyesoma naye, tukanywa chai. Labda saa nzima. Labda zaidi. Niliporudi ameegemea mlango, amekufa. Daktari akasema ni moyo, ni jambo la dakika chache, hata angekuwa pale hospitalini. Lakini mkono wake, binti yangu. Mkono wake ulikuwa kwenye hicho kishikio."

Gereji ina kelele siku zote: nyundo, redio, boda boda zinazopita. Siku ile sikuvisikia.

"Tangu tumzike, hicho kishikio kinavutwa," alisema. "Nikiwa peke yangu ndani ya gari, barabara mbaya au nzuri. Tuk. Tuk. Kama mtu anajaribu polepole asinisumbue. Sijamwekea mtu kwenye hicho kiti. Binti yangu Doriane anasoma hapa Mbarara, nikimchukua likizo namkalisha nyuma juu ya magunia, namwambia springi za kiti zimevunjika. Mwezi uliopita akaniuliza, baba, kiti cha mama kimekuwa cha nani? Ndiyo nimekuja. Mrudishie mlango wake."

Nikaendelea na klipu, na ilipofika ya tano nikaona kitu cha buluu.

Chini ya klipu, kati yake na kadibodi, kulikuwa na kiduara cha mpira mdogo kuliko kifungo cha shati. Mpira wa kandambili. Nikaangalia ya nne, hivyo hivyo. Ya sita pia. Kila klipu ilikuwa na kiduara chake cha buluu, kilichokatwa kwa wembe, kuzuia kadibodi isichanike.

Naijua kazi hiyo. Ni mtu mmoja tu anayeifanya, na ndiye aliyenifundisha kushika spana: Fundi Kayumba, Mkongomani mwenye kibanda chake hapo hapo Base Camp, nyuma ya kinu cha mahindi. Alikuwa akitupigia kelele tuvae kandambili mpaka ziishe kabisa, kisha tumletee.

"Baba," nilimwuliza, "ulipotoa hii paneli, uliweka mpira chini ya klipu?"

"Mpira gani? Nilikuwa na haraka. Nilivunja klipu mbili."

Hakuna klipu iliyokuwa imevunjika. Nikanyanyua paneli kwa juu, ikatoka nzima. Nikabandua karatasi ya plastiki inayozuia maji, taratibu, kwa joto la kiganja. Nikaingiza tochi.

Chuma kilikuwa mahali pake. Kilikuwa kimeshikwa kwenye kitasa kwa klipu nzima, kimepakwa grisi. Chini kabisa ya mlango kulikuwa na kipande cha waya kilichokunjuliwa, kina kutu. Nikaweka kidole juu ya chuma, nikasukuma kidogo. Kitasa kikajibu. Mlango huu ulikuwa unafunguka kwa ndani. Nikautikisa, nikagonga huku na kule, nikatafuta chochote kilicholegea kinachoweza kutoa sauti. Hakuna.

Nilimwendea Faizo, nikamweleza kwa sauti ya chini. Akafuta mikono.

"Jocelyne, wewe rudisha hiyo paneli, ambia mzee kazi imekwisha, aende. Hiyo mambo ya marehemu si ya gereji. Mlango inafunguka, ye anataka ifunguke. Sasa shida iko wapi?"

Alisema kweli, kwa upande mmoja. Lakini nikamtazama yule mzee juu ya tairi, na mgongo wake. Ningemwambia "nimekirudisha," angeondoka akiamini mpaka kufa kwamba mkewe alikufa akivuta mlango uliofungwa na yeye. Ningemwambia ukweli, sikujua angeondoka akiamini nini. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake.

"Baba Doriane, chuma hakijaachana. Kiko kwenye kitasa. Kuna mtu alikirudisha zamani, na kwa ufundi. Waya wako uko chini, umefunguliwa."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina ambalo si lake.

"Nani?"

"Nafikiri ni Fundi Kayumba."

"Kayumba nilimpelekea gari mara moja tu, kwa ajili ya gia. Siku tatu. Mwaka mmoja kabla..." Akaacha. Akasimama, akaja mlangoni, akaangalia ndani ya lile tundu. Alinyoosha kidole, lakini hakugusa. "Kwa hiyo siku ile ulikuwa unafunguka."

"Ndiyo, baba."

"Basi kwa nini hakufungua?"

"Sijui."

"Nilimwambia asitoke," akasema. "Nilimwambia anisubiri."

Nilirudisha plastiki, paneli, skrubu, mkono wa kioo. Hakuna kilichovunjika, na sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Alipotaka kuondoka gari lilimzimikia mara mbili, nikamwambia Faizo naondoka naye hadi Nakivale. Faizo alitikisa kichwa lakini hakunizuia.

Mzee Venuste alizunguka kunifungulia mlango kwa nje. Nadhani hakujua anafanya hivyo. Nikasema asante, na papo hapo nikatamani nisingesema.

Nilikaa kwenye kile kiti. Tulikwenda kwa lami mpaka Kabingo. Tulipoacha lami gari likaanza kuruka kwenye changarawe, na hapo, chini ya kiwiko changu, nikasikia: tuk. Nikaondoa mkono kwenye kitenge, nikauweka magotini. Mimi ndiye niliyekuwa nimefunga kila skrubu ya mlango ule. Tuk, tena, taratibu. Nikamtazama mzee. Macho yake yalikuwa barabarani, na midomo ilikuwa ikitembea, nadhani anasali Salamu Maria. Hakuniuliza kama nimesikia, nami sikumwambia. Ilikoma tulipoanza kuliona ziwa.

Fundi Kayumba alikuwa amekaa juu ya injini, anakula muhogo. Amezeeka, jicho moja lina ukungu, lakini alinijua kwa kutembea tu.

"We mtoto! Mbarara walikufukuza?"

Kisha akaona ni gari gani na nani yuko nalo, akaweka muhogo chini.

Mzee Venuste hakusalimu. "Fundi, mlango wa gari langu uliufungua wewe?"

"Ni miye."

"Nani alikutuma?"

"Bibi yako." Kayumba alifuta mikono kwenye suruali. "Ulikuwa umeniachia gari juu ya gia. Siku ya pili akakuya hapa yeye peke yake. Akasimama kule mbali, kwenye kinu. Nikamuita, hakukaribia. Kumbe ni juu ya koti yangu, ile ya kijani, sawa ya basoda, ya jeshi. Nikaivua, nikaitupa ndani ya nyumba. Ndiyo akakaribia."

"Akasema nini?"

"Akasema, bwana yangu alifunga mulango na waya, akifikiri niko ku misa. Nilikuwa nimerudi ku nyumba kuchukua kitabu cha nyimbo, nikamuona. Akasema, fungua hiyo waya, na usimwambie. Nikamuuliza, mama, na kama unaruka tena? Akasema, siruki. Lakini mulango ufunguke." Kayumba aliutazama mlango wa gari. "Akasema tena, bwana yangu analala muzuri tangu aufunge. Muache alale. Basi nikaapa. Na alipokufa nikawaza nikwambie, nikaona, aa, kiapo ni kiapo, na wewe hukuya kuniuliza."

Nilihesabu kichwani. Mwaka mzima. Mwaka mzima alipanda lile gari, akapita kila kizuizi, akapita Makenke na mabuti yake, mlango unafunguka, akakaa. Na kila walipofika alisubiri mumewe azunguke, akamwambia asante. Sijui kama nilikuwa nafurahi kwa ajili yake au kama nilikuwa naogopa.

Mzee Venuste alikaa chini, kwenye vumbi lenye mafuta. Kisha akauliza:

"Alivaa nini?"

"Hein?"

"Siku hiyo alipokuja. Alivaa nini?"

Kayumba aliinua lile jicho zima juu, akatafuta. "Kitenge. Ya buluu. Na ndege-ndege."

"Bénédicte hakuwa na kitenge cha buluu."

"Nilikiona na macho. Wakati ule nilikuwa nayo yote mbili."

"Hakuwa nacho. Nguo zake nilizikunja mimi mwenyewe, zote, tulipotoka makaburini." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeona mkia wa kitu kikipita kichakani. "Goretti, mwenzake wa kwaya. Yeye ndiye ana kitenge cha ndege."

"Pengine alitokea kwake," Kayumba akasema. "Banawake banaazimana nguo."

"Goretti bado anakaa pale pale?"

"Fasi ile ile. Nyuma ya mashine ya mahindi, nyumba ya pili."

Mzee aliinuka. Hakujipangusa suruali. Aliacha funguo juu ya injini, akaenda kwa miguu, na kutoka pale kibandani tulimwona akifika, akivua kofia, akipiga hodi. Mwanamke mnene akatokea na mwiko mkononi. Akamtazama, akamvuta ndani kwa mkono.

Tulisubiri. Kayumba alinigawia muhogo, akaniuliza habari za Mbarara, nikamjibu hovyo hovyo. Ilipofika kama saa kumi mzee akarudi. Alisimama mbele yetu, kofia bado mkononi.

"Goretti anasema alimwazima kile kitenge ili nisimtambue kwa mbali, kama ningepita," alisema. "Anasema Bénédicte alipotoka hapa alirudi kwake kubadilisha nguo, akamsimulia jinsi Kayumba alivyotupa koti. Akamwigiza. Anasema walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini."

Kayumba akatabasamu kidogo, akaacha.

"Kwangu hakucheka," mzee akasema. "Tangu 2015, nyumbani kwangu sikumsikia akicheka. Nilifikiri hawezi tena."

Nilimwuliza kama anataka nikae naye kidogo. Akakataa, akasema niwahi Mbarara kabla mvua haijanishika, na kwamba Ijumaa atakwenda kumchukua Doriane, atamweleza yote, na jambo la waya pia. Akanipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na chepesi.

Boda boda iliponibeba, pale kwenye kona ya kinu niligeuka. Gari lilikuwa bado limesimama pale pale. Yeye alikuwa ndani, upande wa kushoto, ule wa abiria, na mlango ameufunga.